Bellevue: Wenye Hati na Wanaolala Ndani

Barabara ni moja, majina mawili. Ikiwa Yeoville inaitwa Raleigh. Ikivuka kuingia Bellevue inageuka Rockey. Wakazi hawana habari na mpaka huo. Aliyepanga chumba Bellevue humwambia nduguye aliyeko Kigoma kwamba anakaa Yeoville, na vyama vya wakazi vimeyafunga majina yote mawili pamoja kama mapacha. Kutoka katikati ya Johannesburg ni mwendo mfupi kwa teksi za abiria, zile Hiace ambazo Dar es Salaam tungeziita daladala, ukipanda kuelekea kaskazini-mashariki hadi mgongoni mwa kilima.

Kwa miaka thelathini hivi mtaa huu umekuwa ukiulizwa swali lilelile: nani aliuharibu? Jibu linalopendwa vijiweni ni kwamba wageni ndio walioharibu. Wasomi wengi huinyooshea kidole halmashauri ya jiji. Wazee waliohama zamani husimulia habari za mikate na muziki, kisha wanaguna. Kwa maoni yangu, anayetaka kuijua tabia ya Bellevue aachane na uraia wa wakazi kwanza, aulize mambo mawili: nani ameshika hati ya nyumba, na nani analala ndani yake. Zamani majibu yalikaribiana. Tangu miaka ya 1990 yameachana, na mengi yanayolalamikiwa mtaani leo, kuanzia taka hadi chuki, yanapitia kwenye ufa huo.

Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886. Haukupita muda kabla ya wapima ardhi kupanda kilimani na kukata viwanja vya kama mita za mraba 500 kila kimoja. Matangazo yalisifu hewa safi, mbali na vumbi la migodini. Matajiri wa migodi hawakuvutiwa sana, wakaenda Parktown na Houghton. Kilima kikaachiwa watu wa kati: makarani, mafundi, wenye maduka madogo. Walijenga nyumba za chini zenye paa la bati na kibaraza mbele, na nyuma yake kichochoro ambako gari la kukokotwa lilipita kuzoa ndoo za choo. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1930, yakaongezeka majengo ya ghorofa tatu nne yasiyo na lifti.

Waliokuja kuupa mtaa sura yake walikuwa Wayahudi, wengi wao kutoka Lithuania. Walifika masikini, wakaanzia mabondeni, Ferreirastown na Doornfontein, na kadiri mfuko ulivyotuna wakapanda kilimani. Joe Slovo, aliyezaliwa Lithuania mwaka 1926 na kuja kuwa kiongozi wa Chama cha Kikomunisti na waziri wa kwanza wa nyumba katika serikali ya Mandela, alikulia katika ulimwengu huo wa wahamiaji. Hapo ndipo palipojengeka kawaida ya mtaa: unafika, unapanga, unanunua, watoto wanasoma, kisha unamuuzia anayekufuata na kuhamia kaskazini. Bellevue ilikuwa ngazi, na ngazi haijengewi sebule. Anayedhani kwamba kuhamahama kumeletwa na Wakongo na Wazimbabwe hajasoma historia ya mtaa wake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo masimulizi ya zamani huliruka. Weusi hawakuanza kuishi Bellevue miaka ya 1990. Walikuwapo tangu mwanzo, ila uani. Karibu kila kiwanja kilikuwa na chumba cha mtumishi nyuma, kidogo, chenye dirisha la juu na choo cha nje. Kwenye maghorofa, vyumba vya watumishi viliwekwa juu ya paa. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliufanya mtaa kuwa wa Wazungu kwa maandishi, lakini mama aliyelea watoto wa nyumba kubwa alilala hatua kumi kutoka jikoni, akiwa na kitambulisho cha pasi kilichompa ruhusa ya kuwapo kwa sababu ya kazi tu. Watoto wake mwenyewe walikuwa Transkei au Limpopo kwa bibi yao. Vyumba vile vya uani bado vipo. Ndivyo vya kwanza kupangishwa leo, na anayelala humo naye, mara nyingi, ana watoto waliobaki kwa bibi yao, safari hii Bulawayo au Bukavu.

Miaka ya 1970 na 1980 Rockey Street ikawa mtaa wa vijana: wanamuziki, wachoraji, wapinzani wa serikali, watoro wa jeshi. Kodi ilikuwa nafuu, na klabu zilichanganya watu wa rangi zote wakati sheria ikikataza. Polisi walikuja, wakaondoka, watu wakarudi kucheza.  Wenye nyumba waligundua kwamba mpangaji mweusi, kwa kuwa hakuwa na haki ya kisheria ya kuwa pale, hakuweza kulalamika, hivyo alitozwa zaidi na kutengenezewa kidogo. Hapa ndipo ufa ulipoanzia, kabla mgeni hata mmoja wa leo hajavuka mpaka wa Beitbridge.

Sheria ya Maeneo ya Makundi ilifutwa mwaka 1991. Wakimbizi wa kisiasa walikuwa wameanza kurudi tangu mwaka uliotangulia, na wengi walipenda Yeoville na Bellevue kwa sababu pale jirani hakukushangaa. Baadhi yao walitoka Mazimbu na Dakawa, Morogoro, ambako ANC ilikuwa na shule ya Solomon Mahlangu na makazi ya watu wake hadi vilipokabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992. Wengine walirudi na wake Watanzania na watoto waliozaliwa huko. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kilimani hapa na mizigo ya wapigania uhuru, kabla ya wakimbizi wa Kivu, Kongo.

Kilichofuata kinafaa kuangaliwa taratibu. Ndani ya muongo mmoja tu mtaa uligeuka kutoka wenye Wazungu wengi kuwa wa weusi watupu, isipokuwa wachache. Sababu iliyozoeleka ni hofu ya Wazungu, nayo ilikuwapo. Lakini hofu peke yake ingeshusha bei tu, na bei ikishuka hupatikana mnunuzi. Wanunuzi walikuwapo: walimu, wauguzi, makarani weusi waliokuwa wakisubiri siku hiyo. Kilichokosekana ni mkopo. Benki ziliuchora mtaa mstari mwekundu, zikaamua kwamba nyumba za maeneo hayo hazikopesheki, bila kujali mkopaji ana mshahara gani. Mwalimu akaenda kununua kwingine. Mwenye nyumba, naye akishindwa kuuza, akafanya alichoweza: akahamia Glenhazel au Sydney, akaacha funguo kwa wakala, na hati akaisokomeza kabatini.

Msomaji wa Dar es Salaam ana mfano wake wa kulinganisha, nao unasaidia kwa sababu ulikwenda kinyume. Aprili 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Upanga na Uhindini zikabadilika, Wahindi wengi wakaondoka, na hati zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Unaweza kuilaumu sheria ile kwa mengi, ukianza na dhuluma kwa familia zilizojenga kwa jasho, ila mpangaji wa Upanga alijua ofisi ya kwenda kudai bomba. Bellevue watu waliondoka na hati wakaondoka nazo. Hakuna aliyenyang'anywa, na kwa kuwa hakuna aliyenyang'anywa, hakuna aliyebaki kuwajibika.

Mahesabu ya mwenye nyumba aliye mbali ni mepesi. Nyumba haiuziki kwa bei ya maana, basi ikamuliwe. Sebule inagawanywa kwa mbao nyepesi kuwa vyumba viwili. Gereji inawekwa mlango. Roshani inazibwa kwa bati na kioo. Maji na umeme vinalimbikiza deni, na kwa utaratibu wa Afrika Kusini nyumba haiwezi kuhamishwa umiliki bila cheti cha manispaa kwamba madeni yake yamesafishwa. Deni likishakaribia thamani ya nyumba, hata mwenye nia njema anaona hakuna faida ya kuuza. Kwenye maghorofa yaliyouzwa vyumba kimoja kimoja hali ni mbaya zaidi: wanne kati ya kumi wakiacha kutoa ada ya jengo, umeme wa ngazi unakatwa kwa wote kumi. Hapo huingia mtu wa kati. Anapanga nyumba nzima, anaipangisha vyumba, na kila aliyepanga chumba anapangisha kona. Kati ya mwenye hati na anayelala ndani kunaweza kuwa na watu watatu, kila mmoja akikata chake.

Jambo hili limekuwa likisomeka kwenye ukuta wa supamaketi ya Raleigh Street, ambao kwa miaka mingi umekuwa ubao wa matangazo wa mtaa. Karatasi ndogondogo zimebandikwa mamia kwa mamia, nyingi za mkono, chini zimechanwa vipande vyenye namba ya simu ili mtu akate kimoja aondoke nacho. Chumba kwa mume na mke, watoto hapana. Nafasi ya mwanamke mmoja, alale na wenzake wawili. Roshani ipo. Kona ya sebule, pazia lipo. Mkongo anatafutwa. Mzimbabwe mstaarabu. Asiyekunywa, anayesali. Ukisimama dakika kumi pale utajua bei ya kulala, dini ya mwenye chumba na nani hampendi nani. Mwaka 2010 msanii Terry Kurgan na wenzake walijenga mradi uitwao Hotel Yeoville katika maktaba ya mtaa, wakiwa wamevutiwa na ukuta huo pamoja na vibanda vya intaneti vilivyojaa watu wakiandikia kwao. Jina la hoteli liliwafaa. Hotelini nako hulali kwako.

Wakazi wenyewe ni akina nani? Wazimbabwe ni wengi, Wakongo nao, Wanigeria, Wakameruni, Wamalawi, Wamsumbiji, watu wa Ivory Coast. Wenye duka la simu na wauza nywele ndio wanaoonekana zaidi, lakini kuonekana si wingi. Waafrika Kusini ni wengi kuliko mgeni mtembezi anavyodhani, na wengi wao wametoka KwaZulu-Natal, Limpopo na Rasi ya Mashariki. Kijana wa Nongoma hana babu aliyezikwa kilimani hapa kama ambavyo kijana wa Uvira hana. Wote wamekuja mjini. Tofauti yao ni karatasi.

Karatasi ndizo zinazoeleza pia kwa nini Mkongo yuko hapa na si kambini. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 haikujenga kambi. Anayeomba hifadhi hupewa kibali cha muda, anaweza kuruhusiwa kufanya kazi na kukaa anapoweza, kisha anakirudisha kukihuisha tena na tena. Tanzania ilichagua njia nyingine: Wakongo waliokimbilia Kigoma tangu 1996 wamewekwa Nyarugusu, na kutoka nje ya kambi kunahitaji ruhusa. Wapo waliopima njia hizo mbili, wakaona heri kuhangaika na kodi kuliko kuhangaika na foleni ya mgao, wakaunganisha mabasi kupitia Zambia na Zimbabwe hadi Park Station, kituo kikuu cha Johannesburg. Ofisi ya wakimbizi ya Johannesburg, pale Crown Mines, ilifungwa mwaka 2011, kwa hiyo kwa miaka mingi kuhuisha kibali kulimaanisha kudamka alfajiri kwenda Pretoria. Siku hiyo kazi hamna. Na kibali cha miezi sita hakikupi mkopo wa nyumba wa miaka ishirini, hata kama benki ingeufuta mstari wake mwekundu.

Ndiyo maana nasema ngazi imekatika. Mlithuania alifika bila kitu, lakini sheria ilimhesabu kama Mzungu, na benki ikamkopesha. Mkongo wa leo huenda amefika na shahada ya sheria kutoka Lubumbashi, anavaa kizibao cha kung'aa na kulinda magari ya watu kwenye maegesho kwa bahashishi, na baada ya miaka kumi na tano bado anapanga chumba. Akipata nafuu anahamia chumba kikubwa zaidi, au mtaa mwingine kama Rosettenville, kupanga tena.

Wazungumzaji wa Kiswahili hapa si kundi moja, ingawa gazeti la nyumbani lingependa iwe hivyo. Wa Kivu, Maniema na Katanga wamekuja na familia, au wamezipatia hapahapa. Watanzania wengi waliokuja Sauzi walikuja vijana, peke yao, kutafuta. Mkongo anajenga kanisa. Mtanzania anasema mwakani narudi, na mwakani anasema vilevile. Kwa kinyozi watacheka pamoja, Mtanzania akikitania Kiswahili cha Goma na Mkongo akimuuliza kama huko Dar wanakula kwa sarufi. Sokoni wanakutana kwa tumbo. Lile soko la Rockey, lililofunguliwa mwaka 1999 ili kuwaondoa wachuuzi barabarani, lilikuja kuwa ghala la Afrika ya Kati: sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa inayouzwa kwa fungu, samaki wakavu wa makayabo wenye chumvi nyeupe, samaki wa moshi waliokunjwa mkia mdomoni, mkate wa muhogo uitwao kwanga ndani ya majani, na beseni la finkubala, wale viwavi wakavu, ambalo Mlubumbashi, Mzimbabwe na Mpedi wa Limpopo wote wanachota humo humo, kila mmoja akiamini ni chakula cha kwao.

Mtaa wenye mlolongo huu wa wapangaji wa wapangaji hauwezi kuwa na ujirani wa mlango kwa mlango. Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, mwenye nyumba huketi barazani. Anajua nani kachelewa kurudi, nani hajalipa umeme, na ugomvi ukizuka anauamua yeye kabla ya balozi. Bellevue baraza zipo, nzuri kuliko za Magomeni, ila aliyeketi juu yake ni mpangaji mwenzio, na kesho huenda amehama. Ujirani umehamia kwingine: kanisani, kwenye mchezo wa fedha, kwenye msiba. Masinagogi kadhaa na majumba ya starehe yamegeuka makanisa, na Jumapili kuna majengo ambayo ibada ya Kilingala inapokelewa na ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza, kwa zamu, kama mabasi. Malalamiko ya kelele ni ya haki. Lakini mchungaji ndiye anayejua nani amelazwa, nani amekamatwa, nani amefukuzwa chumbani usiku. Wakongo wana likelemba, Watanzania upatu, Wakenya chama, Waafrika Kusini stokvel, na wote wanafanya kilekile: wanajifanyia benki kwa kuwa benki yenyewe imefunga mlango. Akifa mtu, mchango unaanza jioni ileile. Kusafirisha mwili hadi Mwanza au Bukavu ni gharama kubwa, na hapo ndipo utakapomkuta yule aliyeapa kwamba hachangamani na watu akiwa na daftari mkononi, anaandika majina.

Caroline Wanjiku Kihato, mtafiti Mkenya, aliliona hili mapema. Aliwapa kamera wanawake wahamiaji wa Johannesburg, kutoka Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda, Tanzania na kwingine, wajipige picha za maisha yao wenyewe. Kitabu kikatoka mwaka 2013. Wengi walitaka picha za kutuma nyumbani zionyeshe mafanikio, huku wenyewe wakiishi katikati, si wa hapa wala wa kule. Naongeza tu kwamba hali hiyo ya katikati ina anuani. Ni chumba ambacho jina lako haliko kwenye mkataba.

Mtaa wa namna hii unavumilia kwa sababu hauna mwenyewe, na kwa sababu hiyohiyo unavunjika kirahisi. Mei 2008, vurugu dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra na kuua watu 62 nchini, Yeoville na Bellevue hazikuwa kitovu. Kila mmoja ni mgeni kiasi, na duka la Mnigeria lina mfanyakazi wa Kizulu. Utulivu huo haujatosha baadaye. Vuguvugu la Operation Dudula, lililoanzia Soweto mwaka 2021, lilifika hadi mitaa hii likidai biashara zirudi mikononi mwa raia, na Juni 2022 sehemu ya soko iliteketea kwa moto. Wachuuzi walisimama asubuhi mbele ya mabati yaliyokunjamana, raia na wageni pamoja, maana moto haukuuliza kitambulisho. Ninavyoona, hasira ya kijana asiye na kazi wa Bellevue ni ya kweli, na mlengwa ni wa uongo. Chumba kimekuwa ghali kwa sababu kimepangishwa mara tatu kabla hakijamfikia. Anayemwona ni Mkongo wa chumba cha pili. Mwenye hati hajawahi kumwona.

Wala sitaki kuupaka mtaa rangi. Usiku Rockey Street ina visu, dawa za kulevya na ulevi wa fujo, na mwanamke anayetoka zamu ya usiku huomba asindikizwe. Polisi wanaosimamisha watu kuuliza vibali mara nyingi huondoka na kitu kidogo, na aliyetolewa kitu hicho hataripoti wizi kesho yake. Mtaa wenye watu wengi wasioweza kwenda kituoni ni mtaa unaomfaa mwizi. Sheria nyingine ya mwaka 1998, inayokataza kumtoa mtu kwenye makazi bila amri ya mahakama, ni ngao ya wanyonge, nayo pia imekuwa ngao ya wanaokodisha majengo yasiyo yao.

Kinachoweza kubadili hesabu ni watoto. Darasani wanaongea Kiingereza, uwanjani Kizulu, na Kiswahili cha mama wanakijibu kwa Kizulu. Kwa marekebisho ya sheria ya uraia yaliyoanza kutumika 2013, mtoto aliyezaliwa Afrika Kusini kwa wazazi wasio na ukaazi wa kudumu anaweza kuomba uraia akifika utu uzima, ikiwa amekuwa akiishi nchini na kuzaliwa kwake kuliandikishwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Rufani iliamua kwamba hata waliozaliwa kabla ya hapo wapokelewe. Tatizo ni lile neno kuandikishwa. Cheti cha kuzaliwa huombwa kwa karatasi za mzazi, na siku mtoto alipozaliwa kibali cha mzazi huenda kilikuwa kimeisha muda, kinasubiri foleni ya Pretoria. Mwaka 2024 serikali ilitoa waraka unaopendekeza kuipitia upya sheria hiyo ya uraia. Katika nyumba moja, kwa hiyo, unaweza kuwakuta ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja atakayeruhusiwa siku moja kuingia benki kuomba mkopo wa kununua nyumba wanamopanga, na mwingine atakayeendelea kukata vipande vya namba za simu ukutani.